UZI: Ukame ukipiga, familia ipewe pesa au ipewe gunia? Historia, kutoka Doldol

Kila ukame ukija mabishano ni yale yale. Mheshimiwa mmoja anapanda jukwaani, anasema wafugaji wanahitaji chakula, pesa wataimaliza kwa pombe. Mwingine anamjibu kwamba chakula cha msaada kimekuwa biashara ya wenye malori. Halafu sisi huku mtandaoni tunachagua upande kulingana na tulimpigia nani kura. Leo wacha tuache nani alisema nini, tuangalie haya mabishano yametoka wapi. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukija kwa maoni na majina, shauri yako.

Kwa wasiojua, Doldol iko Laikipia Kaskazini, eneo la Mukogodo. Nanyuki unaona mlima, ngano na mashamba ya maua. Ukielekea kaskazini, nchi inabadilika rangi mbele ya macho yako. Huku mkulima ni mfugaji. Mbuzi ndiye pesa ya mfukoni, ng'ombe ndiye benki. Kwa hivyo nikisema familia iliyopigwa na janga, usifikirie nyumba iliyobebwa na maji. Fikiria boma lililokuwa na ng'ombe thelathini, sasa wamebaki wanne na mmoja hawezi kusimama. Ukame hauna siku ya kutokea. Unaingia polepole, na ndiyo maana msaada wake huchelewa: hakuna asubuhi moja ambayo taifa linaamka likasema "jana kulitokea janga."

Sasa turudi nyuma kabisa.

Miaka ya 1880 na 1890 Wamaasai walipigwa na mambo matatu karibu kwa mpigo: homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, halafu ndui kwa watu wenyewe. Wazee wanaita kipindi hicho Emutai, yaani kumalizwa. Waliosalimika walijijengaje upya? Hakukuwa na serikali ya kutuma kitu. Wengine walikimbilia kwa majirani wakulima, Wakikuyu wakiwemo, wengine wakaacha watoto huko wapate kula. Wengine waliiba ng'ombe, tusidanganyane. Na wengi walisaidiwa na ukoo. Kimaasai kuna ewoloto: aliyepoteza mifugo anachangiwa na watu wa ukoo wake, huyu mtamba, yule mbuzi wawili, hadi asimame tena. Majirani zetu Waborana kule Isiolo nao wana yao, busa gonofa. Angalia kitu kimoja hapo. Msaada huo haukuwa chakula. Ulikuwa mtaji. Aliyepewa mtamba ndiye aliyeamua atamkama, atambadilisha au atamtunza hadi azae. Watu wanaosema kupewa mali mkononi ni wazo la wafadhili wa Ulaya wangeongea na babu zao kwanza.

Lakini ewoloto ilitegemea kitu kingine, nacho ni nafasi ya kuhama. Ukame ukipiga bonde, unapanda juu kwenye nyasi za mlima. Ukoo wa huku ukiumia, wa kule una kitu cha kutoa. Hiyo ndiyo iliyovunjwa. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa, wengine wakaletwa Laikipia. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia yenyewe kuelekea kusini, na kesi waliyopeleka mahakamani ikatupwa 1913. Laikipia nzuri ikawa mashamba ya walowezi. Kipande kikavu cha Mukogodo ndicho kilichobaki kuwa makao ya Wayaaku na wengine waliobaki. Yaani kabla hujaniuliza kwa nini watu wa Doldol "hawajipangi" kwa ukame, jua kwamba mpango waliokuwa nao ulikuwa na ramani, na ramani ikachukuliwa.

Na pesa taslimu je? Hapa historia ina kichekesho chake. Kwa babu zetu wengi, serikali haikuja na pesa ya kutoa. Ilikuja kuitafuta. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na ililipwa kwa kuuza mnyama au kuuza nguvu zako kwa mlowezi. Wakati huo huo hifadhi za wafugaji Waafrika ziliwekwa karantini ya mifugo kwa vipindi virefu, ili magonjwa yasifike kwa ng'ombe wa walowezi. Lipa kwa pesa, lakini usiuze kihalali kile kinachokupa pesa. Ng'ombe walipoongezeka, serikali ikasema sasa ni wengi mno, wapunguzwe. Ukambani 1938 ilichukua ng'ombe kwa nguvu na kuwapeleka kiwanda cha nyama cha Athi River kwa bei ya kutupa. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa, na serikali ikarudi nyuma.

Nataka ukumbuke hiyo 1938, kwa sababu wazo lililokuwa nyuma yake bado tunalisikia jukwaani: kwamba mwenye mali hajui kuitumia, aamuliwe.

Sasa majina ya njaa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Watu wetu hawakuandika ripoti. Walibatiza njaa. Upande wa Nyeri na Gikuyu kwa jumla, ya 1943 iliitwa Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, kwa sababu ndicho kilichopatikana. Ukambani, ya 1961 ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa maana chakula kilidondoshwa kutoka angani. Halafu miaka ya 80 ikaja moja yenye jina zito kuliko yote: Nikw'a Ngwete. Maana yake, ninakufa nikiwa nayo mkononi. Nayo nini? Pesa. Watu walikuwa na noti na dukani hamna unga.

Mtu yeyote anayetetea pesa mkononi, na mimi ni mmoja wao, lazima alimeze jina hilo kwanza. Pesa haichemki kwenye sufuria. Kama hakuna lori linalofika, kama mfanyabiashara hana bidhaa, kumtumia mama shilingi elfu tano ni kumtumia namba. Hapo gunia linashinda, na asiwepo wa kubisha.

Lakini swali ni hili: njaa nyingi zetu ziko hivyo? Chakula hakipo kabisa?

Mwaka wa 1981 mchumi Mhindi, Amartya Sen, alichapisha kitabu kuhusu umaskini na njaa ambacho sisi wa sayansi ya siasa tunasomeshwa hadi tunachoka. Alichambua njaa ya Bengal ya 1943 na ya Wollo, Ethiopia, ya 1973, miongoni mwa nyingine. Hoja yake kwa lugha ya nyumbani: watu wengi wanakufa njaa sokoni kukiwa na chakula, kwa sababu walichonacho hakinunui tena. Na aliwaangalia wafugaji hasa. Mfugaji haishi kwa nyama. Anauza mnyama, ananunua nafaka. Ukame unampiga mara mbili: mnyama anakonda, halafu kila mtu anauza siku ile ile, bei ya mbuzi inaanguka huku bei ya mahindi inapanda.

Fanya hesabu, ya mfano tu. Mbuzi mmoja msimu mzuri anakupa kilo 80 za mahindi. Ukame ukikolea anakupa 40. Familia iliyouza mbuzi mmoja kwa mwezi sasa inauza wawili, mwezi unaofuata watatu. Mvua ikirudi, nyasi ipo, mbuzi hakuna. Hilo ndilo janga lenyewe. Njaa ya mwezi ule ni nusu yake tu, nusu nyingine ni miaka ya kurudisha kundi. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, ile NDMA, kwenye taarifa zake za kila mwezi kwa kaunti huandika kabisa mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Namba hiyo ukijua kuisoma inakuambia nani ataanguka kabla hajaanguka. Wanaobishana kwenye runinga sijawahi kusikia wakiitaja.

Basi kama tatizo ni uwezo wa kununua, kwa nini kwa miaka mingi dunia ilileta magunia? Jibu moja ni siasa za upande wa pili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1954 ya kutumia ziada ya nafaka ya wakulima wake kama msaada. Mkulima wa huko anauza, meli za huko zinabeba, sisi tunapokea. Wazee wanaoyakumbuka mahindi ya manjano ya 1984 wanajua radha yake. Yaliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini nafaka ya bure ikifika msimu wa mavuno inamuumiza mkulima wa hapa ambaye angeuza yake. Mwaka 2007 shirika la CARE lilitangaza kuacha mtindo wa kupokea nafaka ya Marekani na kuiuza Afrika kupata fedha za miradi, likisema inaharibu masoko. Shirika kubwa kukataa mamilioni ya dola si jambo dogo.

Na jibu la pili ni la kawaida tu: utamfikishia vipi mtu wa manyatta pesa? Kubeba masanduku ya noti hadi vijijini ni kuwaita majambazi. Gunia angalau ni zito kuiba.

Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Mapema 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Concern lilikuwa Bonde la Kerio ambako malori yalikuwa hayapiti kwa urahisi. Wakajaribu kutuma pesa kwa simu. Familia nyingi hazikuwa na simu wala umeme, kwa hivyo watu waliwekwa vikundi, kikundi simu moja na chaja ya sola. Ni mwaka mmoja tu baada ya M-Pesa kuzaliwa! Miaka mitatu baadaye, njaa ya Somalia ya 2011, sehemu ambazo chakula cha msaada kilikuwa kimezuiwa kuingia, mashirika yalipitisha pesa kwa hawala na kufikia watu zaidi ya milioni moja. Wafanyabiashara wenyewe ndio walioleta chakula, kwa sababu sasa kulikuwa na wanunuzi.

Hapa kwetu serikali, kwa fedha za Uingereza mwanzoni, ilianza mpango wa HSNP. Malipo ya kwanza 2009, kaunti nne za leo: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Awamu ya pili, kuanzia 2013, ililenga familia 100,000 za kulipwa daima, na kiwango kikafika shilingi 2,700 kwa mwezi, zikitumwa 5,400 kila miezi miwili. Lakini akili ya mpango huo haikuwa hao laki moja. Ilikuwa kuandikisha karibu familia zote za kaunti hizo na kuzifungulia akaunti kabla ya janga. Setilaiti inapima hali ya mimea. Ikisoma ukame mkali, malipo yanapanuliwa hadi robo ya familia za eneo. Ukame ukiwa wa kupindukia, hadi nusu. Hakuna kusubiri mheshimiwa aje na helikopta. Kwangu hapo ndipo siasa ilipobadilika kidogo, maana msaada usiohitaji jukwaa haumpi mtu wa jukwaani kitu cha kupigia picha.

Tathmini ya awamu ya kwanza ilikuta familia zilizolipwa zilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuporomoka hadi umaskini wa chini kabisa. Hazikutajirika, na kwa pesa hiyo nani angetajirika? Lakini hazikuanguka, na kwa mfugaji kutoanguka ndiyo kujijenga, kwa sababu mbuzi ambaye hukumuuza kwa hasara atazaa baada ya miezi mitano.

Sasa nyumbani. Awamu ya tatu iliongeza kaunti nne: Isiolo, Samburu, Garissa na Tana River. Hesabu tena. Laikipia haimo. Isiolo ni jirani, Samburu ni jirani, mbuzi wa Doldol na mbuzi wa huko wanakunywa ukame mmoja, lakini mpaka wa kaunti uko katikati.

Kwa nini? Maoni yangu ni haya: tunauawa na wastani. Laikipia ina Nyahururu yenye viazi na mahindi, ina Nanyuki yenye hoteli na maua, ina ranchi kubwa. Changanya hayo na Mukogodo, gawanya, unapata kaunti inayoonekana ina afadhali. Lakini ndani ya mpango wenyewe ukame unaweza kupimwa hadi kaunti ndogo, na taarifa za NDMA za Laikipia zinatenganisha kanda za wafugaji na za wakulima. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani. Hesabu ipo, imeachwa kwenye karatasi.

Wazee wetu wa miaka 70 na zaidi wanapata Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na yatima na wenye ulemavu mkubwa wana yao. Nashukuru, koko yangu ananunua majani na sukari bila kuomba mtu. Lakini Inua Jamii haipanuki ukame ukiingia. Ni ile ile mvua ikinyesha na isiponyesha. Na 2,000 ya miaka kumi iliyopita si 2,000 ya leo, muulize mwenye duka.

Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Ukame ukatangazwa janga la kitaifa Septemba 2021. Nchini walikufa mifugo zaidi ya milioni mbili, na watu zaidi ya milioni nne wakahitaji msaada wa chakula. Tangazo lilikuja msimu wa pili wa kukosa mvua ulipokuwa umeshapita. Anayeuza mbuzi wake wa mwisho Agosti hasaidiwi na tangazo la Septemba.

Twende kwa zile hoja za jukwaani.

"Watakunywa pombe." Mwaka 2014 wachumi wawili wa Benki ya Dunia, Evans na Popova, walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu hili hili. Kwa jumla hawakukuta pesa za msaada zikiongeza matumizi ya pombe na sigara. Wapo wanaokunywa? Wapo, hata wanaolipwa mishahara na serikali wapo, na hakuna anayependekeza walipwe kwa magunia.

"Bei zitapanda." Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa kama dola 1,000 kwa familia zaidi ya 10,000. Watafiti walifuatilia vijiji 653 na kukuta kila dola iliyoingia ilizunguka na kuzaa kama dola mbili na nusu za shughuli za uchumi, bei zikipanda kwa sehemu ndogo sana ya asilimia. Waliofaidika ni pamoja na ambao hawakupewa: fundi, mwenye duka, mwenye bodaboda. Lakini hapa nawakanya wenzangu wanaopenda kurusha hiyo takwimu. Siaya ina masoko ya karibu na haikuwa katikati ya ukame. Doldol mwezi wa tano bila mvua ni sehemu nyingine. Kabla ya kutuma pesa lazima mtu aulize mahindi yako duka gani na lori linalofuata linakuja lini. Ukisahau hilo umerudisha Nikw'a Ngwete.

"Ni ya kununua kura." Hii ndiyo hoja ya maana, na inagusa orodha. Nani anaandika majina? Orodha ikiandikwa wiki ile ya janga, na watu wa karibu na ofisi, kila mtu atajua jirani yupi aliingizwa na kwa nini. HSNP ilipoanza ilijaribu njia tatu: jamii ijichagulie, kuangalia familia yenye wategemezi wengi, au kulipa wazee wote. Ile ya jamii kujichagulia mbele ya watu ndiyo iliyowafikia maskini vizuri zaidi. Orodha inayosomwa kwa sauti barazani ni ngumu kuichezea, maana mama aliyekaa nyuma atasimama aseme "huyo ana ng'ombe."

Kuna jambo la setilaiti linanisumbua pia. Huku Mukogodo tuna opuntia, ule mmea wa miiba ulioletwa wakati wa mkoloni, sasa umetapakaa hadi malishoni. Matunda yake yana vimiiba vinavyojeruhi mdomo na tumbo la mbuzi. Ukame ukiwa mkali wenyewe bado ni kijani. Setilaiti inaona kijani. Haiulizi kama kinalika. Siku Laikipia Kaskazini ikiingizwa kwenye mpango, hili lipangwe mapema, mtu wa chini awe na nafasi ya kupinga kipimo.

La mwisho, aina ya pesa. 2,700 kwa mwezi inazuia kuanguka, haifufui kundi. Aliyebaki na wanne kati ya thelathini anahitaji kiasi cha mara moja cha kununua mbuzi majike kumi hivi, mvua ikisharudi, na pesa ya kula katikati ili asiwachinje. Ni ewoloto, sema inalipwa na hazina. Na kabla ya hapo kuna kununua mifugo mapema, ikiwa bado na nyama. Mwaka 2009 serikali ilijaribu kupitia KMC, lakini walianza wakati ng'ombe wameshakonda, wakajazana Athi River kuliko kiwanda kilivyoweza kuchinja. Miezi mitatu mapema ingekuwa stori nyingine.

Bima ya mifugo, ile iliyoanza Marsabit 2010, nitaiandikia uzi wake Jumamosi kwa sababu ni ndefu na ina mambo. Kwa sasa, mlio Laikipia Kaskazini: kijijini kwenu orodha ya msaada wa 2022 ilisomwa barazani au ilikuja imeshachapwa? Andikeni kijiji tu, majina ya watu muyaache.